Rangi ya Kubandika

Sauti ya Luding ilifika nyumbani kwa ndugu yake mapema kuliko yeye mwenyewe. Ilikuja ndani ya kaseti, maana Luding hakuwa mtu wa kuandika barua. Kule Hong Kong alijifungia chooni kwa mabosi wake na kuongea na kinasa sauti mpaka upande wa kwanza ukaisha. Nato, mdogo wake, akaitia kaseti kwenye redio ya sebuleni na kufungua madirisha yote, ili mtaa wetu wa Jaro, mjini Iloilo, usikie kwamba ana dada ng'ambo. Mtaa ulijua. Mtaa ulikuwa umechoka kujua.

"Nato, hela ya kompyuta anakuja nayo mwenzangu anayerudi likizo," sauti ilisema. "Mwambie wifi yangu kilio chake nimekisikia. Chuo hakitaki tena kazi ya taipureta, haya, nimeelewa. Lakini nunueni ya rangi. Narudia, ya rangi. Mabosi wangu wanayo ya rangi. Nakuja sikukuu ya kanisa letu, Candelaria, na sitaki wageni waje wakute sebuleni kwetu kitu cha rangi moja, wakasema Luding huko anahangaika."

Luding alituambia kwamba yeye ni msimamizi wa nyumba. Kazi yake hasa ilikuwa kuosha choo kilekile alimojifungia. Kazi hiyo haina aibu yoyote, na hela yake ilikuwa halali kuliko hela nyingi ninazozijua. Aibu ilikuwa yeye kutudanganya, na sisi kuitikia "msimamizi, msimamizi" kwa kuwa tulitarajia sabuni na chokoleti.

Kilio chenyewe kilikuwa cha Siony, mke wa Nato. Siony aliandika tasnifu za wanafunzi kwa taipureta, juu ya meza ya kulia, na vidole vyake ndivyo vilivyoilisha nyumba tangu kampuni ya meli ilipomwachisha Nato ukarani. Nato yeye alikuwa anasubiri kazi inayolingana na hadhi yake, na kazi hiyo ilikuwa haijui anakoishi. Sasa mkuu wa masomo ya juu chuoni alikuwa amemwambia Siony waziwazi: kuanzia muhula ujao, tasnifu zote zitoke kwenye kompyuta, Siony akiwa na mashine na printa, yeye atamletea wanafunzi wote; asipokuwa nazo, basi asimlaumu mtu. Siony alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne na hakujua kazi nyingine.

"Umesikia," Nato alisema kaseti ilipokwisha. "Ya rangi."

"Nimesikia," Siony alisema. "Kesho twende tukazione kwa macho."

*

Duka la Uy lilikuwa barabara ya Iznart, lenye kiyoyozi kikali hivi kwamba wateja wengine waliingia kupoa tu. Uy aliwatazama viatu kwanza. Alipokwisha kuvipima, akamuuliza Nato, "Bwana, nani analipa?"

"Dada yangu. Yuko ng'ambo."

"Na nani ataitumia?"

Nato akageuza uso kama aliyeitwa na mtu dirishani. "Mimi," Siony alisema.

Skrini mbili zilikaa bega kwa bega. Ile ya rangi ilikuwa inaonyesha kasuku mwekundu mwenye bawa la buluu, na Nato alisimama mbele yake mdomo wazi, mikono nyuma, kama yuko kanisani.

"Rangi kumi na sita," Uy alisema.

"Mtoe huyo ndege," Siony alisema. "Niandikie herufi. Na tarakimu."

Uy akaandika. Herufi zilitoka zimevimba, kingo zake zina manyoya. Siony akainama mpaka pua ikakaribia kioo, kisha akamvuta mumewe kwa mkono wa shati. "Nisomee hapo."

"Nane," Nato alisema.

"Ni tatu."

"Ukisimama mbali kidogo inaonekana vizuri."

"Mimi nakaa karibu nikiandika, Nato. Mikono yangu haifiki huko mbali."

Ile ya pili haikuwa na ndege. Ilikuwa nyeusi tupu, na herufi zake zilikuwa za njano iliyoiva, rangi ya asali. Lakini zilikatwa sawasawa, nyembamba na kali, na tatu ilikuwa tatu na nane ilikuwa nane. Siony alizitazama kwa muda, na mabega yake yakashuka. Tasnifu ya kwanza iliyokuwa inamsubiri ilikuwa ya Delfin, mwalimu mmoja kutoka mkoa wa Antique aliyeandika juu ya kamba wa kufugwa, na kurasa zake nusu zilikuwa majedwali: uzito, chakula, vifo. Mtu hawezi kukosea vifo vya kamba akabaki na wateja.

"Ukweli, misis," Uy alisema kwa sauti ya mtu anayeona amekwisha kukosa faida kubwa, "wanaoandika wanachukua hii. Ile ni ya michezo. Halafu bei ya ile ukitoa bei ya hii, unapata printa nzima."

"Manang alisema ya rangi," Nato alisema, maana hivyo ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, awe wa damu au wa heshima tu.

"Na nikiandika kwenye ya rangi, tasnifu itatokea wapi? Nimpe Delfin skrini aibebe mgongoni mpaka chuoni?"

"Printa ataituma mwakani."

"Mwakani tutakuwa tunakula nini? Kasuku?"

Uy akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomwumiza Nato kuliko hoja yenyewe. Akatoka nje kuvuta sigara. Siony akabaki na kulipa skrini ya rangi moja, mashine na printa, na kwa vile hela ilipungua kidogo, akamwachia Uy taipureta yake. Uy aliibonyeza herufi mbili tatu, akasema ni kuukuu, akaichukua. Siony hakugeuka kuitazama.

*

Wiki zilizofuata Siony alifanya kazi kama mtu aliyepewa macho mapya. Akikosea neno alilirudia neno hilo tu, si ukurasa mzima. Delfin alikuwa anapita jioni, anavuta kiti, anasema, "Manang, jedwali la nne tumelikosea, tuongeze safu," na Siony anaongeza safu, bila wino mweupe, bila matusi. Mkuu wa masomo alikuja mwenyewe kuona kurasa za kwanza na akasema wanafunzi wengine wataanza kuja baada ya sikukuu. Kwa mara ya kwanza tangu meli zimkatae Nato, nyumba ile ilikuwa na mbele ya kutazama.

Nato hakuitazama. Alikuwa anahesabu jinsi Candelaria ilivyokaribia, na usingizi ulimpaa. Hakumwogopa Mungu wala njaa. Alimwogopa dada yake, aliyemlea, aliyemsomesha, na ambaye angeweza kumwita mwizi mbele ya watu.

"Atasema tumekula hela yake," alisema.

"Tutamwonyesha printa."

"Nani anaona printa? Mgeni akiingia anaona skrini." Kisha akaitazama televisheni yao kwenye kona, na uso wake ukang'aa kwa namna ambayo mke yeyote mwenye akili angeiogopa.

Televisheni ile haikuwa ya rangi. Lakini juu ya kioo chake kulikuwa na karatasi ya nailoni kutoka sokoni, buluu juu, wekundu katikati, kijani chini, ili anga liwe buluu, nyuso ziwe na damu na majani yawe majani. Kila nyumba ya mtaani kwetu iliyokosa televisheni ya rangi ilikuwa na karatasi hiyo. Msoma taarifa alikuwa na nywele za buluu na tai ya kijani, na tulimtazama hivyo kila siku tukisema tuna rangi. Hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake nyumbani.

Nato akanunua nyingine, akaikata kwa mkasi wa jikoni, akaibandika juu ya skrini ya kompyuta kwa utepe wa gundi pembe zote nne. Kazi ilifanyika vizuri kweli; laiti angekuwa na bidii hiyo mahali pengine.

"Nato, ondoa uchafu huo."

"Ni kwa ajili ya sikukuu tu."

"Kichwa cha jedwali kiko mbinguni na vifo viko kwenye nyasi. Sioni kitu."

"Ukifanya kazi bandua. Ukimaliza bandika. Siony, nakuomba. Siku chache. Manang akirudi zake Hong Kong, ichane."

Siony alikubali, na hapa simtetei. Alikuwa mwanamke mwenye akili aliyeona kwamba uongo huu haumgharimu kitu, na watu wa aina hiyo ndio uongo unaowapenda. Akaanza kubandua asubuhi na kubandika jioni.

*

Luding alifika mkesha wa sikukuu akiwa na maboksi, miwani ya jua na Kiingereza kidogo alichokuwa anakiangusha mezani kama funguo. Akaingia sebuleni bila kuvua miwani. Nato akawasha kompyuta. Herufi zikatokea: buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini.

Luding akavua miwani. Akainama. Alikuwa ameipangusa vumbi kompyuta ya mabosi wake kila siku, lakini ikiwa imezimwa, maana hakuruhusiwa kuiwasha. Akanyoosha kidole, akagusa karibu na kioo bila kukigusa.

"Ndiyo hiyohiyo," alisema. "Hong Kong zote ziko hivi. Inday, mdogo wangu, unaona? Ungeniletea ubahili wako tungenunua isiyo na damu, kama maiti."

"Naona, Manang," Siony alisema.

Siku ya sikukuu nyumba zote za Jaro huwa wazi, na mgeni yeyote anaingia anakula, awe anajulikana au hajulikani. Luding alikuwa ametoa hela ya nguruwe mzima wa kuchoma, na alimweka nguruwe kwenye meza moja na kompyuta kwenye nyingine, ili mtu asipate kimoja bila kupita kwa kingine. Watu walipita. Walitazama skrini, wakatazamana, wakatazama skrini tena. Walijua. Nailoni ileile ilikuwa inawasubiri makwao, imejikunja pembeni kwa uzee. Lakini nguruwe alikuwa bado hajakatwa.

"Rangi zake zimetulia," alisema Manang Pacing, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa ameazima mkasi ule wa jikoni asubuhi na kukuta vipande vya nailoni vimenasa kwenye makali yake.

"Zinapumzisha macho," mwingine akasema.

"Nitilie na ngozi, ile inayovunjika," Pacing akamwambia aliyekuwa anakata.

Adhuhuri akaja Diwani Bermejo. Luding alikuwa amemwalika kwa watu watatu tofauti ili asikose. Rolando, mwana wa Luding, alikuwa anaoa baada ya Pasaka, na kijana ambaye msimamizi wa ndoa yake ni diwani hakosi kazi manispaa. Hilo mtoto wa Jaro analijua kabla hajajua sala zake. Diwani alikula amesimama, akasifu nyama, akafika mbele ya skrini na meno yakiwa bado yanatafuna.

"Ya rangi," alisema.

"Ya rangi, Diwani," Luding alisema. "Mimi nilisema, kama si ya rangi bora tukose."

"Binti yangu ananisumbua hapo. Shuleni kwao wanazo, lakini za rangi moja. Anasema, Papa, nataka ya rangi." Akapangusa vidole. "Hapa Iloilo ni ghali mno."

Alisema hivyo tu na kunyamaza, kama wakubwa wanavyonyamaza. Luding naye si mjinga wa kimya cha aina hiyo.

"Basi ichukue, Diwani."

"Ah, hapana, dada yangu."

"Ichukue. Ni zawadi ya binti. Sisi ni familia moja sasa, au siyo? Baada ya Pasaka?"

"Baada ya Pasaka," Diwani alisema, na hivyo msimamizi wa ndoa akapatikana. Watu wakapiga makofi, wengine wakiwa na mifupa mkononi.

*

Siony aliyasikia hayo jikoni, mikono yake ikiwa ndani ya sufuria ya wali wa manjano. Akatoka bila kuinawa.

"Manang," alisema, "kuna kazi ya watu ndani yake. Nina tasnifu. Mkuu wa masomo analeta wengine wiki ijayo."

"Inday, usiniaibishe mbele ya wageni. Kazi utaandika na taipureta yako. Umeiandikia miaka yote, imekuua?"

"Taipureta nimeiuza."

"Aliyekwambia uiuze nani? Kitu kizuri kama hiki ni cha kuandikia mambo ya kamba? Ni kupoteza rangi."

Siony akamshika Nato mkono, akamrudisha jikoni. "Waambie."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba si ya rangi. Hawataichukua. Nani atampelekea binti wa diwani kitu ambacho shuleni kwao kimejaa?"

"Unataka nife leo?" Nato alinong'ona. "Sikiliza. Wacha waichukue. Wakifika nyumbani wakiona, diwani hawezi kurudi kusema. Atasema nini, kwamba amekula nguruwe akapewa nailoni? Atanyamaza. Manang hatajua kamwe. Wote wanabaki na heshima zao."

"Na mimi ninabaki na nini?"

Nato alifikiri kwa dhati, hilo nampa. "Wewe ni hodari," alisema. "Utapata njia."

Siony alimtazama mwanamume huyo ambaye yeye ndiye amemlisha miaka mingi na akaona kwamba hamchukii hata; alimdharau tu, kwa utulivu, kama mtu anavyodharau viatu vilivyotoboka vidoleni. Kilichomchoma ni kingine. Kama siku ile ya kwanza angesema, "Manang, nimenunua ya rangi moja," angetukanwa jioni moja na kompyuta ingekuwa yake, kwa sababu hakuna mtu Jaro nzima angeitamani. Ni rangi ya kubandika iliyowaita wezi. Na yeye ndiye aliyekuwa anaibandika kila jioni kwa mikono yake.

Sebuleni dereva wa diwani alikuwa amekwisha kuikumbatia printa. Siony akampita, akaenda mpaka kwenye skrini, ambayo ilikuwa bado inawaka.

"Diwani," alisema, "kabla hujabeba, tazama unachobeba."

Akashika pembe moja, akavuta. Gundi ikalia kwa sauti ndefu ya kuchanika, na watu wote wakaacha kutafuna. Nailoni ikatoka nzima na kuning'inia mkononi mwake, ikiwa na alama za mafuta ya wali. Nyuma yake kukabaki jedwali la nne, njano juu ya weusi, kali, kila tarakimu mahali pake.

"Ni ya rangi moja," Siony alisema. "Ilikuwa ya rangi moja tangu dukani. Mimi ndiye niliyeichagua."

Manang Pacing aliinamia sahani yake na mabega yakawa yanatikisika. Dereva akaiweka printa chini polepole. Nato alikuwa mlangoni mwa jikoni, na uso wake ulikuwa hauna rangi hata ya kubandika.

Luding aliitazama nailoni. Akaitazama televisheni ya kona, yenye nailoni yake. Akili ilikuwa inafanya kazi, ungeweza kuiona ikifanya kazi. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakupata kutembea Jaro siku ya Candelaria.

"Umeiharibu," Luding alisema.

Siony hakuelewa. "Manang?"

"Nimenunua kitu kizima, cha rangi, na wewe umekichuna. Mbele ya watu. Kwa wivu." Akawageukia wageni, na machozi yalikuwa ya kweli kabisa. "Mmeona? Mmeona wenyewe? Ilikuwa na rangi au haikuwa nayo?"

Ilibidi mtu ajibu. Sebule nzima ilikuwa na nyama ya Luding tumboni.

"Ilikuwa nayo," Manang Pacing alisema, akipangusa macho. "Mimi niliiona. Buluu, nyekundu, kijani."

"Ilikuwa nayo," wengine wakasema.

"Masikini, kitu cha ng'ambo," akasema mzee mmoja ambaye hakuna aliyemjua.

Diwani Bermejo aliona mlango umefunguliwa na akapita haraka. "Hasira ni kitu kibaya," alisema. "Basi, dada yangu, ikiwa imekwisha kuharibika, wacheni ibaki. Binti yangu atasubiri." Akamwacha Luding na ahadi ya Pasaka, akaondoka na paja la nguruwe lililofungwa kwenye jani la mgomba. Wengine nao wakafunga vyao.

*

Luding alirudi Hong Kong bila kumuaga Siony. Nato alinuna mpaka njaa ikamshinda, kisha akaanza kuzungumza tena, na siku moja nilimsikia kwa masikio yangu dukani akimwambia muuza sigara, "Ilikuwa ya rangi kabla mke wangu hajaiharibu." Alisema kwa huzuni ya mtu aliyeibiwa, na nadhani alikuwa amekwisha kuamini. Uy naye, kule Iznart, akawa anawahakikishia wateja kwamba rangi ya skrini zake haichuniki. Skrini za rangi ziliuzika.

Wanafunzi walianza kuja, kama mkuu wa masomo alivyosema. Wa kwanza alikuwa msichana wa uuguzi, aliyebeba makaratasi yake kifuani. Alisimama mlangoni akiitazama skrini ya njano, kisha akamtazama Siony kwa woga na hamu.

"Manang, samahani," alisema. "Ni kweli wewe ndiye uliyeichuna kompyuta rangi?"

Siony aliondoa mikono kwenye kibodi. Nje Manang Pacing alikuwa anafagia palepale alipokwisha kufagia, ili asikie jibu.

"Ndiyo, ni mimi," Siony alisema. "Niliichuna. Kaa, nipe sura ya kwanza."